Hewa ya betri: hatari isiyoonekana garini na nyumbani

Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya betri. Huenda wengine mtashangaa na kuuliza: betri inahusiana nini na ukurasa wa afya? Hayo si mambo ya mafundi? Ni kweli, lakini fundi huiona betri kabla haijapasuka. Sisi wauguzi tunaletewa watu baada ya kupasuka, wakiwa wamefumba macho na nguo zimetoboka matundu matundu kwa tindikali. Kwa hiyo tunalo neno la kusema.

Miaka ya nyuma betri kubwa ilikuwa kitu cha chini ya boneti ya lori. Siku hizi imeingia tunamolala. Nyumba nyingi vijijini zina umeme wa jua, na betri huwekwa pale panapoonekana pa usalama dhidi ya wezi, yaani chumbani, mara nyingi chini ya kitanda. Tena yapo magari yaliyogeuzwa kazi. Mnayajua: basi dogo kuukuu limeng'olewa viti, limewekwa kitanda cha kupimia wajawazito, kabati la dawa, taa, feni, kipaza sauti, na pengine mashine ya kupimia mimba kwa picha. Hilo ndilo gari la huduma ya mkoba linalokwenda vigangoni. Magari ya kuonyesha sinema hutengenezwa vivyo hivyo, na hata ya kutolea damu. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi waliogeuza mabasi kuwa nyumba zao kabisa, wanapika na kulala humo. Yote hayo huhitaji umeme wakati injini imezimwa, na umeme huo hukaa katika betri za ziada. Betri hizo mara nyingi hufichwa ndani ya boksi la mbao, chini ya benchi au kitanda, na boksi hufungwa kabisa ili vumbi lisiingie. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Betri inapochemka

Betri ya kawaida ya gari ina mabamba ya risasi yaliyozama katika maji yenye tindikali ya salfa. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila chumba kikitoa volti 2 hivi. Unapoichaji, umeme unafanya kazi ya kurudisha nguvu katika mabamba. Ikikaribia kujaa, kazi hiyo huisha, lakini umeme unaendelea kuingia. Lazima ufanye kitu. Basi huanza kuyapasua maji yenyewe na kuyagawa kuwa hewa mbili, haidrojeni na oksijeni. Hii ndiyo maana ya mapovu mnayoyaona mkifungua vifuniko. Watu husema "betri inachemka", ingawa maji hayo hayachemki kama ya sufuria, yanatoa hewa. Kwa betri ya volti 12, mapovu hayo huanza kwa nguvu chaja inapofika volti 14.4 hivi, na mahali penye joto huanza mapema zaidi.

Wapo wanaofurahi kuona mapovu, wakidhani ndiyo dalili kwamba betri imeshiba vizuri. Kwa betri ya maji, mapovu kidogo mwishoni mwa kuchaji ni ya kawaida. Lakini kila povu linabeba haidrojeni, na haidrojeni ni hewa inayolipuka.

Tabia zake ni hizi. Haina rangi, haina harufu, wala haikerekeshi koo, kwa hiyo pua na macho havitakuonya. Ni nyepesi mara 14 hivi kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hupanda juu haraka na kujificha chini ya mfuniko wa boksi, chini ya ubao wa kitanda, au kwenye kona ya juu ya kabati. Ikifika asilimia 4 ya hewa iliyomo mahali hapo, inaweza kuwaka, na inaendelea kuwa ya hatari mpaka izidi asilimia 75 hivi. Cheche inayohitajika ni ndogo sana. Njiti ya kiberiti ni kubwa mno kwake. Cheche ya swichi ya taa inatosha, hata ile ndogo inayotokea ukivua sweta la nailoni wakati wa ukavu.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii imewafungua macho madereva wetu kuliko maneno mengi. Betri ya volti 12 ikiwa imekwisha kujaa, kila ampea 1 inayoendelea kuingia kwa saa 1 hutoa lita 2.7 hivi za haidrojeni. Chaja ya kizamani isiyojua kujipunguza inaweza kusukuma ampea 5 bila kujali. Hizo ni lita 13 na zaidi kwa saa. Sasa chukueni pipa la lita 200, lile la mafuta mnalolijua wote. Asilimia 4 yake ni lita 8. Kwa hiyo boksi lenye ukubwa wa pipa hilo, likifungwa lisipitishe hewa, linafika mpaka wa hatari kwa muda wa dakika 35 hadi 40. Maboksi mengi ya garini ni madogo kuliko pipa. Na chaja huachwa usiku kucha.

Si kama moshi wa mkaa

Hapa tuondoe mkanganyiko mmoja. Akina mama wengi wameshasikia kwamba jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Ni kweli, na huua kwa sumu iitwayo kaboni monoksaidi, inayoingia katika damu na kuzuia oksijeni. Wengine wakisikia "hewa ya betri" hufikiri ni jambo lilelile, na kwa kuwa wamelala miaka miwili karibu na betri bila kuumwa kichwa, wanaona hakuna neno. Haidrojeni haina sumu ya namna hiyo. Mtu anaweza kulala karibu nayo na kuamka mzima siku mia, kisha siku ya mia na moja akawasha taa.

Hata hivyo betri ina madhara mengine ya pumzi. Mapovu yakipasuka hurusha ukungu mwembamba wa tindikali. Ukungu huo huwasha macho, hukausha koo, na kwa mtoto mwenye pumu huleta kikohozi na kubanwa kifua. Mafundi wanaochaji betri nyingi katika kibanda kimoja kila siku huliwa meno ya mbele taratibu na tindikali hiyo. Tena mwaka 1992 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka ukungu wa tindikali kali za namna hii, zikiwamo za salfa, katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu wanaofanya kazi katikati yake. Kwa hiyo kijana wako aliyepata kazi kwenye kibanda cha kuchajia, mwulize kama kina madirisha.

Harufu ya yai bovu ni habari nyingine kabisa. Betri iliyochajiwa kupita kiasi mpaka ikapata moto hutoa hewa ya salfa inayonuka kama yai viza. Hewa hiyo ina sumu kweli, na ujanja wake ni kwamba ikizidi huifanya pua isiinuse tena. Mkiisikia garini au chumbani, watoeni watu kwanza. Fungueni milango. Msiwashe wala kuzima swichi yoyote iliyo karibu na betri, wala feni, na msichomoe waya kwenye betri yenyewe, maana cheche itatokea palepale penye hewa. Umeme ukateni kwa mbali: zimeni injini kama ndiyo inayochaji, au ondoeni umeme kule unakotoka, nje ya chumba. Kama ni umeme wa jua, tupeni blanketi nene juu ya vioo vya sola. Hiyo ni njia rahisi na haina cheche. Kisha acheni betri ipoe kwa saa kadhaa, na fundi aiangalie. Betri iliyofika hapo kwa kawaida haifai tena.

Boksi la betri lijengwe namna gani

Tukija kwenye gari, ushauri wa kwanza ni kwamba betri isikae katika chumba cha watu kama kuna mahali pengine. Fundi mzuri anaweza kutengeneza kreti ya chuma chini ya sakafu, iliyofungwa kwenye chesisi, yenye mlango wa kufungulia nje. Mawe na matope ya barabara zetu ni tatizo, lakini bamba la kukinga linatosha. Jambo la kuangalia ni kwamba isiwe karibu na bomba la moshi, kwa sababu ya joto.

Ikiwa hakuna njia ila kuiweka ndani, basi boksi lifungwe upande wa ndani na lifunguke upande wa nje. Wengi hufanya kinyume. Hutoboa matundu kwenye benchi kuelekea chumbani, wakisema "tumeipa hewa", kumbe wameielekeza hewa hiyo kwa mama aliyelala akisubiri kupimwa. Mfuniko uwe na mpira pembeni usiopitisha hewa, na matundu yatoke nje ya bodi ya gari.

Matundu yawe mawili. La kuingizia hewa safi liwe chini, karibu na sakafu ya boksi. La kutolea liwe juu, tena juu kabisa, upande wa pili, ili hewa ipite juu ya betri zote ikienda zake. Tundu la juu likiwa sentimita 10 chini ya mfuniko, zile sentimita 10 zitakuwa mfuko wa haidrojeni usiotoka kamwe. Ni vema mfuniko uinuke kidogo kuelekea kwenye tundu, kama paa la mgongo mmoja, ili hewa iteleze yenyewe. Angalieni pia mbao za kuimarisha zilizopigiliwa chini ya mfuniko. Kila ubao hufanya kizuizi na kuacha kifuko chake. Ni afadhali ziwekwe juu ya mfuniko, kwa nje.

Ukubwa wa tundu je? Nchi za Ulaya zina kanuni ya hesabu kwa vyumba vya betri. Kwa betri ya maji ya volti 12 na ampea-saa 100, ikichajiwa kwa nguvu, kila tundu lisipungue sentimita za mraba 17 hivi, yaani karibu na uso wa kiberiti kimoja cha njiti. Betri mbili za namna hiyo, viberiti viwili kwa kila tundu. Si kubwa hata kidogo, na ndiyo maana tunasikitika kuona watu wameshindwa kulitoboa. Sisi tungeongeza, kwa sababu ya joto letu, na kwa sababu wavu wa kuzuia mende na panya hula nafasi, na vumbi hula iliyobaki. Dereva apige brashi wavu huo kila anapoosha gari. Tumewahi kukuta tundu la chini limezibwa na tope gumu, na la juu limejazwa kitambaa na mtu aliyesikia baridi usiku.

Kama tundu la juu haliwezi kutoboka mahali pake, mpira wa kutolea hewa unaweza kuunganishwa hadi nje, lakini upande juu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishuka katikati kama mkunjo wa utumbo, maji yatakaa pale na kuziba. Ukitokea upande wa gari, uwe na kofia iliyotazama nyuma, mvua na upepo wa mwendo visiingie. Usitokee chini ya dirisha.

Feni si ya lazima kama matundu ni mazuri. Mkiiweka, iwekwe kwenye tundu la chini ikisukuma hewa safi iingie. Feni ya kawaida iliyowekwa juu ili ivute hupitisha haidrojeni katikati ya mota yake, na mota nyingi za bei rahisi zina cheche.

Ndani ya boksi hilo pasiwe na kitu kingine. Tunajua nafasi garini ni ndogo, na mkono unavutwa kuweka pale kila kitu cha umeme: fyuzi, swichi kubwa, inveta, friji, hata spana na nyaya za akiba. Swichi na inveta ni mama wa cheche. Spana ikiangukia vichwa viwili vya betri huyeyuka huku ikitoa moto. Viwekwe nje ya boksi, karibu lakini upande wa pili wa ukuta. Mtungi wa gesi ya kupikia usichangie boksi na betri hata siku moja. Gesi ya kupikia ni nzito, hushuka chini, na huhitaji tundu sakafuni, haidrojeni hupanda. Kuziweka pamoja ni kukaribisha hatari mbili zenye tabia tofauti katika nyumba moja, na betri ndiyo yenye kiberiti.

Mwisho betri zenyewe zifungwe kwa mkanda imara. Betri kubwa moja ina uzito wa mtoto wa miaka 8 au zaidi. Gari likipinduka, kitu hicho kikiruka na tindikali yake hakuna dawa kabatini itakayotosha.

Betri kavu na za lithiamu

Tunaulizwa mara kwa mara kuhusu betri ambazo watu huziita kavu, zisizoongezwa maji. Hizi zimetengenezwa ili haidrojeni na oksijeni ziungane tena ndani na kurudi kuwa maji, kwa hiyo katika hali ya kawaida hutoa hewa kidogo mno. Lakini zina vali ndogo ya usalama. Zikichajiwa kwa nguvu kuliko zinavyostahili, vali hufunguka na hewa hutoka kama kawaida. Basi nazo zinahitaji matundu, ingawa madogo. Na si kavu. Zina tindikali ileile iliyonyonywa katika kitambaa cha kioo au kugandishwa kama uji.

Betri za lithiamu hazitoi haidrojeni zikichajiwa vizuri. Hatari yake iko mahali pengine: ikitobolewa, ikipigwa, au ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, inaweza kupata moto wenyewe kwa wenyewe na kutoa moshi wa sumu unaowaka. Hiyo nayo haistahili kuwa chini ya godoro.

Nyumbani na sakristiani

Yote tuliyosema juu ya boksi la garini yanafaa nyumbani. Betri ya sola ikae barazani au stoo yenye dirisha au matundu juu chini ya paa, ndani ya sanduku lenye kufuli kama mnaogopa wezi, lakini sanduku lenye matundu chini na juu. Isiwe jikoni. Isiwe chini ya kitanda cha watoto.

Tuna ombi pia kwa makatekista na walezi wa watumishi wa altare. Katika vigango vingi betri ya vipaza sauti huwekwa kwenye kabati la sakristia na kuchajiwa humo tangu Jumamosi. Asubuhi kabati linafunguliwa, na hatua mbili kutoka hapo kijana anawasha mkaa wa chetezo, mwingine mishumaa. Hatujaona mahali pengine ambapo moto na betri vimekaribishwa kukaa pamoja hivyo. Betri ihamishiwe upande mwingine wa jengo, na kabati lake litobolewe.

Kabla hujaigusa

Majeruhi wengi tuliowaona hawakuumizwa na boksi baya bali na mkono wenye haraka. Wa kwanza ni yule anayetaka kuona kama maji yamepungua, na kwa kuwa ni giza, anawasha njiti. Kijana mmoja aliletwa kwetu usiku akiwa amefanya hivyohivyo dukani kwa kaka yake. Betri ilipasuka usoni. Kilichomwokoa ni shemeji yake aliyemmiminia ndoo nzima ya maji kichwani, kisha ya pili, bila kusubiri kuuliza mtu. Jicho la kulia lilipona kabisa. La kushoto lilibaki na kovu linalofifisha mwanga. Tumieni tochi, na iwashwe mbali kabla ya kuinama.

Kabla ya kuunganisha au kutoa vibanio vya chaja, chaja izimwe kwanza ukutani, na boksi liachwe wazi kwa dakika kadhaa ili hewa itoke. Waya wa hasi utangulie kutolewa na uwe wa mwisho kurudishwa. Gari likiazima umeme kwa gari jingine, kibanio cha mwisho kisibanwe kwenye betri iliyokufa. Kibanwe kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, kwa sababu cheche ya mwisho haikosi. Pete, saa na rozari ya chuma ya mkononi vivuliwe. Miwani ivaliwe, hata ya jua kama hakuna nyingine.

Maji ya kuongeza ni yale safi yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi. Maji ya kisima au ya bomba yanaua betri, na tindikali haiongezwi kamwe kwenye betri inayotumika. Jina "maji ya betri" limeleta msiba kwetu, maana wengine huliita hivyo hata tindikali yenyewe, wakainunua kidogo kidogo katika chupa za soda. Mtoto akirudi shule ana kiu anajua nini? Tindikali isiingie nyumbani katika chupa ya kinywaji hata kwa usiku mmoja.

Ajali ikitokea

Jicho likipatwa na tindikali, dakika ya kwanza ina thamani kuliko daktari wa saa inayofuata. Osheni kwa maji safi yoyote yaliyopo, papo hapo, bila kusubiri yachemshwe. Mgonjwa alale au ainamishe kichwa upande wa jicho lililoumia, kope zifunguliwe kwa vidole hata akikataa, na maji yamiminwe polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, yasiingie jicho zima. Endeleeni kwa dakika 30 kwa saa, si kwa kukisia. Ndipo mwende hospitali, na mwendelee kumwagia njiani kama mna dumu. Msitie maziwa, ya ng'ombe wala ya mama. Msitie chai, sukari, dawa ya majani, wala magadi. Magadi yanafaa kunyunyiziwa sakafuni palipomwagika tindikali, yapovuke mpaka yatulie, kisha mfute. Jicho si sakafu.

Ngozi ikiunguzwa, vueni nguo zilizolowa mara moja, na pete pia, kisha mmwage maji mengi kwa dakika 20 au zaidi. Funikeni kwa kitambaa safi kilichokauka. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya kula na ute wa yai vyote huzidisha kazi yetu, kwani lazima tuvikwangue kabla ya kutibu.

Aliyekunywa tindikali asitapishwe, maana ikirudi itaunguza koo mara ya pili. Asukutue kinywa na kutema, asilazimishwe kunywa maji mengi wala magadi, apelekwe hospitali hata kama midomo inaonekana mizima. Madhara ya koo la chakula huweza kujitokeza baada ya wiki kadhaa, likianza kuziba.

Betri ikishakufa

Betri iliyochakaa ina risasi, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto na kwa mimba iliyo tumboni. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo watu walichambua risasi ya betri kuukuu na kuipepeta mchangani. Karibu zaidi na sisi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa mlangoni mwa nyumba za watu. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, aligundua mwanawe ana risasi katika damu, akaanza kupigania mtaa wake, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Wapo wavuvi wetu wanaoyeyusha mabamba ya betri juu ya jiko ili wapate vizito vya nyavu. Moshi wake huingia katika unga, nguo na udongo ambao mtoto anatambaa. Betri kuukuu ipelekwe nzima, na tindikali yake ndani, kwa mwuzaji anayezipokea. Wengi hupunguza bei ya mpya kwa ajili hiyo. Wale ambao tayari wamefanya kazi hiyo nyumbani, na watoto wana maumivu ya tumbo yasiyoisha, wamepauka na wanakawia kujifunza, waje hospitali na waseme wazi kuwa kulikuwa na betri, maana bila neno hilo tutatafuta minyoo na malaria kwanza.